Land Rover au Land Cruiser? Historia niliyoisoma kabla hatujalipa

SEHEMU YA 1: Ugomvi wa sebuleni

Mmenizoea hapa kwa mambo ya kliniki, homa za watoto na kunyonyesha. Leo nawaletea magari. Msishtuke, mtaona mbele ya safari kwamba sijatoka nje ya kazi yangu ya unesi.

Iko hivi. Mwaka huu baba watoto ameuza miti ya shamba la Mafinga, miti aliyoipanda kabla hata hajanioa. Pesa ikapatikana ya kununua gari kubwa, lililotumika. Nyumbani tuko saba: sisi wawili, watoto watatu (mkubwa ana miaka 9, wa kati 5, mdogo miezi 8), mama mkwe, na dada anayetusaidia kazi. Gari dogo tulilonalo tunapangana kama dagaa kwenye kopo. Na kila Desemba lazima tupande Makete kwa wazazi, na mvua ikishanyesha zile njia za vijijini kule mnazijua wenyewe.

Tukabaki na magari mawili mezani: Land Rover Discovery 4 kutoka Uingereza, na Toyota Land Cruiser Prado 150 kutoka Japan. Yote mawili yalitoka mwaka 2009, yote yana usukani kulia kama wetu, yote yanabeba watu saba na yana uzito unaozidi tani mbili.

Baba watoto alitaka Discovery. Baba yake alikuwa dereva wa Landrova ya serikali wilayani, amekulia kwenye lile gari, harufu yake anaijua. Mimi nilitaka Land Cruiser. Miaka kumi na miwili ya kazi, kila mama aliyeletwa kwetu usiku kutoka zahanati ya mbali akiwa hoi, aliletwa na Land Cruiser. Mwenzenu lile gari naliheshimu kama mganga mfawidhi.

Wiki mbili sebule haikukalika. Mpaka siku moja mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga zake pembeni, akasema: "Nyie mnagombea majina. Mimi na wajukuu zangu mtatuweka wapi?"

Tukanyamaza wote. Siku ya mapumziko nikaanza kusoma historia ya haya magari, kutafuta jibu la lile swali la mama. Nilichokipata ndo hiki.

SEHEMU YA 2: Gari la shambani

Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imechoka kabisa. Chuma kilitolewa kwa mgao, na kiwanda kilichotaka kupata chuma ilibidi kiuze bidhaa nje ya nchi kilete fedha za kigeni. Kampuni ya Rover ilizoea kutengeneza magari ya watu wenye uwezo, na soko hilo lilikuwa limekauka.

Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, kule Wales. Shambani alitumia gari la jeshi lililobaki vitani, Jeep ya Willys ya Wamarekani. Lilimfaa sana, ila lilikuwa linachakaa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947, akiwa ufukweni Red Wharf Bay, alichora mchangani umbo la gari alilotaka kulitengeneza badala yake. Gari la kwanza la majaribio usukani wake ulikuwa katikati, kama wa trekta, na hilo linatosha kukwambia walikuwa wanamfikiria nani. Walimfikiria mkulima.

Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonesho ya magari Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu. Sifa hii ya "Landrova haioti kutu" ambayo wazee wetu wanaitaja kwa fahari ilianzia kwenye shida hiyo. (Bodi haioti kutu, sawa. Chasisi ni ya chuma, na inaoza vizuri tu. Nitarudi hapo.)

Sasa sikiliza hii, mama mwenzangu. Mwaka huohuo wa 1948 Rover walitoa pia Land Rover ya watu saba, yenye bodi iliyofunikwa vizuri. Haikuuzika. Gari la kazi halikutozwa kodi ya manunuzi, lakini hili lilihesabiwa gari la binafsi, likatozwa, bei ikapaa. Nikacheka peke yangu nikikumbuka kikokotoo cha TRA. Yaani tangu mwanzo, kulima kulikuwa rahisi na kubeba familia kulikuwa ghali.

SEHEMU YA 3: Gari la polisi

Twende Japan. Juni 1950 vita vya Korea vilianza. Marekani ilihitaji magari karibu na uwanja wa vita, na Japan nayo ilikuwa inaunda kikosi kipya cha polisi wa akiba. Toyota ikatengeneza gari lake la majaribio mwanzoni mwa 1951. Ilichukua injini ya lori, silinda sita, lita 3.4, ikaipachika kwenye gari fupi. Liliitwa Toyota Jeep BJ.

Kikosi kile cha akiba hakikulichukua. Kilichagua Jeep ya Willys. Toyota haikukata tamaa. Julai 1951 dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari lilikuwa halijawahi kufika. Polisi wa Japan walikuwepo wanaangalia. Wakaagiza magari 289.

Mwaka 1954 jina likabidi libadilike, maana "Jeep" ilikuwa mali ya Willys. Mkurugenzi wa ufundi, Hanji Umehara, akatafuta jina ambalo halitaonekana dogo mbele ya mshindani wa Uingereza aliyekuwa anaitwa Land Rover. Akaja na Land Cruiser.

Kwa hiyo ule ugomvi wa sebuleni kwetu haukuanza na sisi. Jina lenyewe la Land Cruiser lilizaliwa likiwa linaitazama Land Rover usoni.

Ila angalia tena zilivyoanza. Moja ilitengenezwa kwa ajili ya mkulima, nyingine kwa ajili ya polisi. Nani alimfikiria mtoto wa miezi minane? Hakuna. Siwalaumu, hiyo haikuwa kazi waliyopewa.

SEHEMU YA 4: Milima ya Australia

Hapa ndo pananoga. Kuanzia mwaka 1949 Australia ilikuwa inajenga mradi mkubwa wa umeme wa maji kwenye milima ya Snowy: mabwawa, mahandaki, vituo vya umeme. Kazi ilichukua miaka 25, na zaidi ya watu 100,000 kutoka nchi zaidi ya 30 walipita pale. Barabara zilichongwa ubavuni mwa milima, tope na theluji.

Mwanzoni farasi wao alikuwa Land Rover. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkandarasi Leslie Thiess akaanza kuleta Land Cruiser kutoka Japan. Watu walizibeza, maana wakati ule kitu cha Japan kilionekana cha bei rahisi. Lakini injini yake ilikuwa ya silinda sita, lita 3.9, wakati Land Rover ilikuwa na silinda nne, lita 2.25. Kwenye milima ile, na mzigo nyuma, tofauti ilionekana. Na Toyota walikuwa na tabia moja nzuri: kilichovunjika walikirekebisha kiwandani, toleo linalofuata likaja na kifaa imara zaidi. Taratibu Land Cruiser ikashika Australia. Sifa ya "Toyota haifi" ilipikwa sana kwenye milima ile.

Mashabiki wa Land Cruiser wakisimulia hii historia huishia hapo. Mimi niliendelea kusoma, kwa sababu nilitaka kujua watu wa mradi ule walikufaje.

Walikufa 121 katika kazi ile. Na barabara, siyo mahandaki peke yake, ilikuwa hatari kubwa. Mkuu wa mradi, William Hudson, alifanya jambo ambalo karibu hakuna mwajiri duniani aliyekuwa amelifanya: mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliagiza magari ya mradi yafungwe mikanda, na kila mfanyakazi aifunge. Ikawa amri ya kazi. Mwaka 1970 jimbo la Victoria, hukohuko Australia, likawa la kwanza duniani kuweka sheria ya kufunga mkanda.

Mkanda wenyewe wa kisasa, huu unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo aliyekuwa zamani akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kivita. Volvo waliruhusu kampuni zote zitumie ubunifu ule.

Jamani, mmeona? Palepale magari haya mawili yalipokuwa yanashindana nani ana nguvu, kuna mtu aliangalia maiti akaona gari lolote lile, liwe la Uingereza au la Japan, linaua asiyefungwa mkanda. Leo Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliomo garini hadi asilimia 50. Injini ya lita 3.9 haiwezi kukupa hiyo.

SEHEMU YA 5: Magari haya yalivyoingia kwetu

Huku kwetu Landrova iliingia na wakoloni: mabwana shauri, mabwana nyama, wamisionari. Baada ya Uhuru ikabaki kuwa gari la serikali. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema Landrova ikiharibika porini unaitengeneza kwa waya na sabuni ya mche. Sabuni ilikuwa ya kuziba tangi la mafuta linalovuja, na nimethibitisha kwa mafundi kwamba ni kweli. Mapenzi hayo hayajaisha. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover kwenye tamasha lake, za miaka yote, mpaka watu wakasahau kwamba ni gari la Mwingereza.

Land Cruiser ikaja nyuma yake na kuishika nafasi. Toleo la 70, lililotoka mwaka 1984, ndilo tulilo nalo hospitalini: refu nyuma, gumu, halina mbwembwe. Lile lile la Umoja wa Mataifa, lile lile la mbugani. Machi 2021 WHO iliidhinisha Land Cruiser ya aina hiyo iliyofungwa jokofu la chanjo la lita 396, linalobeba vifurushi 400 vya chanjo. Betri yake inaweza kutunza ubaridi saa 16 hivi bila umeme wa gari. Sisi tunaosubiri chanjo kwenye kliniki ya Jumatatu tunajua maana yake.

Upande wa pili wa ukoo, Land Cruiser zikanenepa, zikawekwa ngozi na viyoyozi, zikawa magari ya wakubwa. Watanzania hatukosi jina, tukayaita mashangingi. Prado ni mdogo wao kwenye ukoo huo. Na nikiri mbele yenu: sehemu ya mimi kuitaka Prado ilikuwa kuonekana. Mnisamehe. Au niambieni na nyie ukweli wenu.

Lakini ile Land Cruiser ninayoiheshimu, ya wagonjwa, na hii Prado ya yadi ya magari, ni magari tofauti. Zinashea jina. Na Landrova ya baba mkwe na Discovery 4 zimeachana zaidi: ile ilitengenezwa kwa waya, hii inahitaji fundi mwenye kompyuta. Mimi na mume wangu tulikuwa tunagombania kumbukumbu.

SEHEMU YA 6: Wa nyuma kabisa

Sasa turudi kwenye swali la mama mkwe. Mtatuweka wapi?

Kwenye magari haya ya zamani, abiria wa nyuma walikaa ubavu, wametazamana, kama kwenye Land Cruiser yetu ya hospitali. Kwa askari au vibarua wanaoenda shambani ilitosha. Discovery ya kwanza, ya mwaka 1989, ililengwa kwa familia, na bado viti viwili vya nyuma kabisa vilikuwa vya kukunjua, vinatazamana ubavuni mwa buti. Na hapo ndo watoto walipowekwa, maana watoto ndo wanaenea.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kugongwa ukiwa umekaa ubavu. Mkanda unafanya kazi vizuri ukiwa unatazama mbele. Discovery 2, ya mwaka 1998, ikageuza viti vile vikatazama mbele, vikapata mikanda ya begani na sehemu ya kuegemeza kichwa. Discovery 3, mwaka 2004, ikaenda mbali zaidi: viti vyote saba vilipangwa mtu mzima akae. Discovery 4 ikarithi hivyo. Tangu 1948 hadi hapo ni zaidi ya miaka 50 ya kumfikia abiria wa mwisho.

Kwa nini nakazania mkanda wa begani? Nitawaambia jambo moja kutoka kazini, bila kusema lini wala wapi wala ni nani. Aliletwa mtoto, gari lao lilikuwa limegonga. Alikuwa amekaa katikati siti ya nyuma, amefungwa mkanda wa kiunoni tu, ule usio na kipande cha begani. Wazazi walifanya walichojua, walimfunga. Usoni hakuwa na hata mkwaruzo. Nilipoinua shati lake nikaona mstari mwekundu umepita tumboni, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nikamwita daktari hapohapo. Mstari ule kwetu ni kengele.

Mkanda wa kiunoni kwa mtoto mdogo unapanda tumboni, haukai kwenye nyonga. Gari likigonga, kifua kinakunjika mbele na nguvu yote inaishia tumboni: utumbo, bandama, hata uti wa mgongo. Yule alifanyiwa upasuaji, akapona, akatoka akitembea. Mimi nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kukagua gari letu dogo. Katikati nyuma kulikuwa na mkanda wa kiunoni tu. Pale ndipo mwanangu wa kati alikuwa anakaa kila siku.

Magari mengi ya miaka ya nyuma yako hivyo. Kagua lako leo, kabla hujasoma sehemu inayofuata.

Na kupakata, mama wenzangu. Mtoto wa kilo 10, gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likagonga na kusimama ndani ya nusu mita, anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata kwa upendo. WHO inasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ajalini kwa asilimia 71. Mtoto akae kwenye kiti chake, mdogo atazame nyuma. Na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ule mfuko unafumuka kwa nguvu ya kuua mtoto.

SEHEMU YA 7: Ubaya wa urefu

Tunapenda gari la juu. Unaona mbali, unapita kwenye maji, unajiona salama. Historia inasema tupunguze furaha kidogo.

Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilirudisha matairi milioni 6.5 huko Marekani. Mengi yalifungwa kwenye Ford Explorer, gari la familia refu lililopendwa kuliko yote kule. Kwenye joto na mwendo mkali, tairi lenye upepo mdogo lilikuwa linabanduka ngozi ya juu, gari linayumba, na kwa sababu ni refu, linapinduka. Zaidi ya watu 270 walikufa. Kampuni mbili zikalaumiana, na mabishano yao hayakumrudisha mtu.

Kuanzia 1995 ulikuwepo mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, unaobana breki ya tairi mojamoja wenyewe. Ulianza kwenye Mercedes. Kwenye Toyota tafuta kitufe kilichoandikwa VSC, kwenye Land Rover DSC. Ukishuka Kitonga mvua inanyesha na lori limesimama konani, kitufe hicho kina thamani kuliko siti za ngozi. Pia punguza mizigo juu ya keria. Gunia la viazi la mama mkwe likikaa juu ya paa linalifanya gari lipinduke kirahisi zaidi.

Ubaya wa pili uko uani kwako. Nyuma ya gari refu kuna eneo kubwa ambalo dereva haoni kitu, na mtoto wa miaka miwili anaenea hapo mzima mzima. Mwaka 2002, New York, baba mmoja aliyekuwa daktari wa watoto alirudisha nyuma gari lake kubwa mbele ya nyumba yake, hakumwona mwanawe wa miaka miwili. Familia ile haikukaa kimya. Mwaka 2008 Marekani ikapitisha sheria yenye jina la mtoto yule, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo kule lazima liwe na kamera ya nyuma.

Kwetu hatuna haja ya kusubiri sheria. Nyumbani tumeweka utaratibu: gari haliwashwi mpaka mtu mzima mmoja awe amemshika mdogo mkononi na kusimama mahali dereva anapomwona. Hauna gharama yoyote.

SEHEMU YA 8: Tulichoamua

Jumamosi tukaenda yadi, na mama mkwe tukambeba. Nikamwomba apande siti ya nyuma kabisa ya kila gari, afunge mkanda, akae dakika tano.

Kwenye Discovery alikaa kama bibi harusi. Akasema, "Hapa nafika Makete." Kwenye Prado magoti yalikaribia kidevu. Akasema, "Hapa nafika Ipogolo, nashuka." Kwa swali lake mwenyewe, Discovery ilishinda, na baba watoto alitabasamu mpaka jino la mwisho.

Tukaendelea na mengine. Discovery inasimama juu ya mifuko ya hewa badala ya springi. Ni raha barabarani, ila ikianza kuvuja ni pesa nyingi, na fundi wa uhakika kwa Iringa tungemtafuta. Gari la Uingereza limetembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, hivyo lazima ulale chini uitazame chasisi. Hii tuliyoiona ilikuwa na kutu. Prado spea zake ziko hadi madukani Makambako, na siku ukitaka kuiuza haikai.

Nikajiuliza kama nesi: gari bovu lililolala uani usiku mtoto anapobanwa kifua lina usalama gani? Hapo hoja ya spea nayo ikawa hoja ya afya.

Tumechukua Prado. Lakini siyo ile tuliyoitaka mwanzo. Baba watoto alitaka ya dizeli ya lita 2.8, mimi nilitaka yenye ngozi. Tumechukua TX ya kawaida, petroli, lita 2.7, viti saba, mikanda ya begani kila siti, VSC ipo, mifuko ya hewa ya pembeni ipo. Kama uwezo wako unaruhusu, tafuta zilizoboreshwa Japan mwaka 2017, zina mfumo wa kujifunga breki zenyewe kukiwa na hatari mbele. Sisi hatukufika huko.

Pesa iliyobaki: viti viwili vya watoto, kiti cha kumwinulia mkubwa ili mkanda umkae begani, kamera ya nyuma, na matairi matano mapya. Mama mkwe anakaa siti ya kati pamoja na wadogo wawili. Dada na mkubwa nyuma kabisa, wamefungwa. Viazi vitakuja na basi. Ndiyo, mama amenuna kuhusu viazi.

Kwa anayetaka kununua, liwe Land Rover, Land Cruiser au jingine lolote, nenda na haya:

1. Hesabu watu wako, kisha hesabu mikanda ya begani. Zisipolingana, ondoka.
2. Kaa mwenyewe siti ya nyuma kabisa, ufunge mkanda, uvute kwa nguvu ghafla. Usipokamata, mkanda ni mbovu.
3. Uliza mfuko wa hewa wa pembeni unafika mpaka siti ya mwisho au unaishia katikati.
4. Washa gari uangalie taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Iwake, halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa kuficha kasoro.
5. Tafuta kati ya kalio na mgongo wa siti ya kati vile vyuma vya kufungia kiti cha mtoto. Vikiwepo kuna alama ndogo ya ISOFIX.
6. Soma tarehe kwenye tairi: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Hilo limezeeka hata kama linang'aa.
7. Weka ndoo ya lita 20 nyuma ya gari, kaa kwenye usukani, uone kama unaiona.

Hakuna hata moja hapo linalouliza jina la gari.

Jana jioni mdogo alikuwa kwenye kiti chake, analia hataki kufungwa. Bibi yake akageuka akamwambia, "Nyamaza, baba. Hicho ni kiti chako, na jina lako ndo kubwa humu ndani." Nikaona mama amemaliza mjadala.

Kesho narudi kwenye homa za watoto, nimeona maswali yenu. Ila leo niandikieni kitu kimoja tu hapa chini: siti ya katikati nyuma ya gari lako, au la mume wako, au la shule linalombeba mwanao, ina mkanda wa aina gani? Nenda kaangalie kwanza, halafu uandike.